Tafakari ya Juma: Nyimbo Ndefu na Masikio Yetu



Wapendwa waamini, juma hili tunaomba mtuvumilie, kwa kuwa tafakari yetu haianzii katika masomo ya Dominika bali katika swali lililoletwa mezani na Halmashauri ya Walei. Kwaya yetu ya vijana hapa Kilangali imetunga Utukufu wenye sehemu nne, unaochukua karibu dakika tisa, unaoanza kwa kinanda peke yake, ukabadili mwendo mara tatu, na kumalizika kwa magitaa na ngoma. Wapo waliotoka kanisani wakisema hawajapata kusikia Utukufu wa namna ile. Wapo na wengine waliosema maneno hayo hayo, lakini kwa uso uliokunjamana. Vijana, walipoulizwa wameutoa wapi mtindo huo, walijibu bila kificho kwamba wamekuwa wakisikiliza kwa simu zao muziki wa roki wa Uingereza wa miaka ya 1970, ule wa nyimbo ndefu, na kwamba wameupenda mno.

Tumeombwa kutoa uamuzi. Kabla ya uamuzi tumeona vema kuichimba historia kidogo, kwa sababu jambo hili si geni kama linavyodhaniwa, wala si la Wazungu peke yao. Tena ni nani asiyependa kujua kwa nini wimbo fulani unamshika mtu sikio asibanduke, na mwingine unampita kama upepo?

Muziki huo vijana wanaousema uliitwa roki ya progresivu, yaani ya kusonga mbele. Ulishamiri Uingereza kati ya mwaka 1967 na 1977 hivi, mikononi mwa bendi kama King Crimson, Yes, Genesis, Emerson, Lake and Palmer, na Jethro Tull. Roki ya kawaida wakati huo ilikuwa wimbo wa dakika tatu: ubeti, kiitikio, ubeti, kiitikio, basi. Hawa walikataa mpaka huo. Santuri kubwa ilikuwa na nafasi ya dakika ishirini hivi kila upande, nao wakajiuliza kwa nini wasiijaze kwa wimbo mmoja. Bendi ya Yes mwaka 1972 ilitoa wimbo wa dakika zaidi ya kumi na nane uliochukua upande mzima. Mwaka huo huo Genesis walitoa wimbo wa dakika kama ishirini na tatu, uitwao "Supper's Ready", na hapa ndipo mkristo anapotega sikio: karamu inayotajwa katika jina lake inatukumbusha karamu ya arusi ya Mwanakondoo katika Ufunuo sura ya 19, na wimbo unamalizika kwa Yerusalemu mpya. Hatusemi kwamba ulitungwa kwa ibada. Tunasema tu kwamba watunzi walipotaka jambo kubwa la kusimulia, walirudi kwenye Kitabu ambacho bibi zao walikisikia kanisani.

Na si Kitabu tu. Sauti yenyewe iliyowavuta wasikilizaji wengi katika muziki ule ilikuwa ya kanisani, nayo ni kinanda. Mwaka 1967 bendi ya Procol Harum ilipata umaarufu wa dunia nzima kwa wimbo ambao kinanda chake kinafuata njia ya Johann Sebastian Bach, yule mpiga kinanda wa Kilutheri wa Leipzig. Rick Wakeman, mpiga kinanda wa Yes, hakuridhika na vinanda vya umeme. Katika santuri yake ya mwaka 1973 juu ya wake sita wa Mfalme Henry wa Nane alikwenda kupiga kinanda kikubwa cha mabomba katika kanisa la St Giles, Cripplegate, jijini London, na kwa santuri ya Yes ya mwaka 1977 alipiga kile cha kanisa la Mtakatifu Martino mjini Vevey, Uswisi. Emerson, Lake and Palmer nao walichukua utenzi wa piano wa Mussorgsky, Mrusi wa karne ya 19, wakaupiga kwa umeme mbele ya vijana ambao wasingelipa senti moja kuusikia ukumbini kwa wakubwa.

Kijana wa mjini, aliyekwisha kuacha kwenda kanisani, alisimama saa tatu akisikiliza sauti ya kinanda. Tuliachie hapo, kila mmoja ataona mwenyewe maana yake.

Kilicho cha pili ni mapigo. Hapa tunaomba msomaji ajaribu kwa miguu yake. Hesabu moja hadi nne ukipiga hatua, kulia, kushoto, kulia, kushoto: kila duru inaanza na mguu wa kulia. Sasa hesabu moja hadi saba. Duru ya kwanza imeanza na kulia. Duru ya pili, utake usitake, itaanza na kushoto. Mwili unasikia kwamba kuna jambo limekwenda upande, na akili inaamka. Pink Floyd waliufanya mchezo huo wa mapigo saba katika wimbo wao juu ya fedha wa mwaka 1973, na Genesis katika ule wimbo mrefu wana sehemu ya mapigo tisa yenye kinanda juu yake. Mtu hawezi kuucheza muziki wa namna hiyo kirahisi, basi anakaa chini na kuusikiliza.

Sisi huku tulilipata jambo hilo hilo kwa njia nyingine, na kwa maoni yetu iliyo bora. Mpiga ngoma wetu havunji duru, anazipandanisha. Huyu anapiga mbili, mwenzake anapiga tatu ndani ya muda ule ule, wanaachana na kukutana tena mwanzoni mwa kila duru. Akili inaamka vile vile, lakini miguu haikukosa pa kukanyaga. Ndiyo maana katika ngoma hakuna watazamaji wengi. Anayesikia tayari anacheza.

Sasa turudi nyumbani. Watu wengi hudhani Afrika Mashariki haina sehemu katika habari hii. Kwanza, mmoja wa waliotunga wimbo mrefu maarufu kuliko yote ya zama zile alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, akaitwa Farrokh Bulsara, mtoto wa familia ya Kiparsi. Aliondoka na wazazi wake mwaka 1964 baada ya Mapinduzi, na dunia ikamjua kwa jina la Freddie Mercury. "Bohemian Rhapsody" ya bendi yake ya Queen, iliyotoka mwaka 1975, ina urefu wa karibu dakika sita. Haina kiitikio hata kimoja. Inaanza kwa sauti tupu, ikaingia piano, kisha gitaa, kisha kwaya ya kiopera ambamo neno Bismillahi linaitwa tena na tena, kisha roki ya kishindo, na mwishoni inashuka taratibu mpaka kimya. Wakubwa wa biashara ya santuri walionya kwamba hakuna redio itakayopiga wimbo mrefu hivyo. Ukakaa kileleni Uingereza majuma tisa mfululizo. Wataalamu wanabishana kama Queen ni progresivu halisi au la. Ubishi huo tunawaachia wenyewe. Itoshe kwamba ile kwaya ya kiopera, sauti zilizorundikwa juu ya sauti, ndiyo watu wazima na watoto huimba mpaka leo kwa mioyo yao yote, hata wasiojua Kiingereza.

Lakini iliyo karibu zaidi nasi ni Morogoro. Mkoa huu wetu ulikuwa na bendi mbili zilizosikika Afrika Mashariki yote. Cuban Marimba ya Salum Abdallah, aliyefariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, na Morogoro Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1944, ambayo ndani yake alikulia Mbaraka Mwinshehe. Jina la Cuban halikuja bure. Kuanzia mwaka 1933 kampuni ya HMV ilitoa santuri za muziki wa Kuba kwa mfululizo uliojulikana kwa herufi GV, nazo zikafika bandari zetu na kufuata reli kwenda bara. Muziki huo wa Kuba ulikuwa na sehemu mbili: ya kwanza ya utulivu yenye beti na hadithi, ya pili yenye kasi, ambapo mwimbaji anaita na kundi linaitikia bila kuchoka. Mababu zetu waliposikia hiyo sehemu ya pili walijua wamekutana na ndugu aliyepotea, kwa maana waliochukuliwa utumwani walikuwa wameibeba kutoka Afrika.

Hivyo muziki wetu wa dansi ukakua kwa sehemu mbili. Kwanza maneno, kwa upole, mtu apate kusikia kisa, halafu chemko. Na kwenye chemko ndipo gitaa la solo linapoachiwa, la rithim linasuka chini yake, besi inajibu, na matarumbeta yanaingia kama watu waliochelewa arusini. Santuri ndogo haikuwa na nafasi ya dakika nyingi kwa upande, hivyo wimbo mara nyingi ulikatwa katikati: sehemu ya kwanza upande mmoja, ya pili upande wa nyuma. Wenye umri wetu tunakumbuka mtu akiinuka haraka kugeuza santuri ili wachezaji wasipoe. Waingereza walipongoja santuri kubwa iwape nafasi ya wimbo mrefu, sisi tulikuwa tumekwisha kuugawa wimbo mrefu katika vipande viwili na kuendelea na safari.

Mbaraka Mwinshehe alikuwa bingwa wa kujua wakati wa kugeuka. Mwaka 1970 Morogoro Jazz ilikwenda Osaka, Japani, kuiwakilisha Tanzania katika maonyesho makubwa ya kimataifa. Mwaka 1973 aliunda bendi yake, Super Volcano, na Januari 1979 akafa kwa ajali ya gari Mombasa akiwa na umri wa miaka thelathini na minne tu. Msikilizeni kwa makini: gitaa lake halikimbilii kuonyesha ufundi. Linarudia maneno machache, linayageuza kidogo, linarudia tena, mpaka msikilizaji anayajua. Hapo ndipo linapoondoka. Kwa kuwa tumekwisha kuyajua, tunafurahi kuondoka nalo. Hii ndiyo siri ambayo wengi wa wapenda nyimbo ndefu hawaitamki. Urefu peke yake hauvuti mtu. Kinachovuta ni kwenda mbali na kurudi, na mtu hawezi kufurahia kurudi mahali ambapo hakupata kukaa.

Sasa roki yenyewe. Mwezi Novemba 1969 wakuu wa serikali jijini Dar es Salaam walipiga marufuku muziki wa soul wa Wamarekani weusi katika kumbi za dansi, kwa hoja kwamba unawaharibu vijana. Ulikuwa wakati wa kutafuta utamaduni wa taifa, na hatuwezi kuwacheka walioutafuta, ingawa marufuku hiyo iliwakamata hata watu weusi waliokuwa wakiimba juu ya utu wao. Vijana waliopenda magitaa ya umeme walifanya nini? Baadhi waliacha. Wengine wakaliingiza gitaa la roki ndani ya ngoma, na katika hao wapo Sunburst wa Dar es Salaam, bendi iliyowakusanya wanamuziki wa Tanzania na wa nchi nyingine. Humo aliimba James Mpungo na kupiga gitaa Hembi Flory Kongo, mtu wa Zaire. Mwaka 1976 santuri yao kubwa, waliyoirekodi Zambia, ilitoka kwa jina la "Ave Africa".

Padre yeyote akiona neno Ave atasimama kidogo. Ni salamu ya Malaika Gabrieli kwa Bikira Maria, katika Kilatini ambacho watoto wa shule za misheni walikiimba kabla ya kukielewa. Vijana wa roki, katika Dar es Salaam ya Ujamaa, walipotaka kulisalimu bara lao kwa heshima walichagua neno la Rozari.

Patrick Balisidya yeye alitoka upande wa pili wa milima yetu, Mvumi, Dodoma. Bendi yake ya Afro 70 iliiwakilisha Tanzania katika tamasha kubwa la sanaa za watu weusi huko Lagos mwaka 1977. Muda mfupi baadaye alikwenda Sweden, akakutana na bendi iitwayo Archimedes Badkar, watu wa muziki uliokuwa ukiitwa huko "progg". Neno linafanana na lile la Uingereza, lakini kwa Waswidi lilikuwa na maana zaidi ya urefu wa nyimbo: wanamuziki walioendesha kampuni zao wenyewe za santuri, wasitake kutawaliwa na matajiri wa biashara. Pamoja walitoa santuri ya "Bado Kidogo" mwaka 1979. Magitaa ya Dodoma yanasuka, fidla na saksafoni za Kiswidi zinatafuta njia, na wakati mwingine zinaipata.

Na Dodoma hiyo hiyo ndiyo iliyompa Peter Gabriel, mwimbaji wa ule wimbo wa Karamu, jambo la kumnyamazisha. Gabriel aliacha Genesis mwaka 1975; mwaka 1982 alikuwa miongoni mwa walioanzisha tamasha la WOMAD la muziki wa dunia, na mwaka 1989 kampuni ya santuri ya Real World. Kampuni hiyo mwaka 1996 ilitoa "Chibite" ya Hukwe Zawose, Mgogo aliyekuwa akiishi Bagamoyo na kufundisha sanaa huko. Mwaka 2002 Zawose na Charles, mtoto wa ndugu yake, walikwenda kufungua maonyesho ya Gabriel Amerika ya Kaskazini. Hukwe akafariki Desemba 2003.

Walichosikia Wazungu katika Zawose ni kile ambacho wapenzi wa progresivu walikuwa wakikitafuta kwa mitambo ya gharama kubwa. Ilimba yake kubwa ina vijiti vingi vya chuma, vingine havipigwi kabisa bali vinatetemeka vyenyewe vinaposikia jirani yake akiguswa, hivyo sauti moja inazaa kundi. Juu yake sauti za Kigogo hupangwa mbili, tatu au zaidi kwa ulinganifu ambao haukufundishwa na mmisionari yeyote. Waamini wetu wa Kigogo hapa Kilangali na vitongoji vyake, mnapoimba msibani, sauti ya juu ikisimama peke yake na nyingine zikapanda kuipokea, mnafanya jambo ambalo mtu alivuka bahari kulifuata. Ajabu ni kwamba Dominika tunawapa vitabu vya sauti nne na kuwaambia wajifunze uimbaji.

Kanisa nalo lina historia ndefu ya kugombana na nyimbo ndefu. Katika miaka ya 1324 na 1325 Papa Yohane wa 22, akiwa Avignon, alitoa waraka dhidi ya muziki mpya wa siku zake. Malalamiko yake, mkiyasoma leo, yangeweza kuandikwa na mzee wa parokia yoyote: waimbaji wanaukatakata wimbo kwa noti fupi fupi, wanakimbia bila kupumzika, wanalevya masikio badala ya kuyatuliza, na wimbo mtakatifu wenyewe hauonekani tena chini ya mapambo. Hata hivyo hakufunga mlango wote; aliruhusu katika sikukuu sauti chache zinazolingana juu ya wimbo wa msingi, mradi wimbo wenyewe usiguswe. Karne mbili baadaye, muziki ule wa sauti nyingi uliolaumiwa ulikuwa umezaa Palestrina, ambaye leo tunamtaja kama kielelezo.

Waraka uliotugusa sisi zaidi ni wa Papa Pius wa 10, tarehe 22 Novemba 1903, sikukuu ya Mtakatifu Sesilia. Aliusafisha muziki wa kanisa uliokuwa umegeuka opera huko Italia, na katika kusafisha alikataza piano kanisani, pamoja na ala alizoziona za kelele, ngoma zikiwamo. Hakuwa na Afrika akilini. Alikuwa na Italia. Lakini waraka ukifika mbali na alikokusudia mwandishi unafanya kazi asiyoikusudia, na kwa muda wa miaka sitini ngoma zetu zilibaki nje ya mlango wa kanisa, zikisubiri Misa iishe.

Waliofungua mlango hawakungoja Mtaguso. Mwaka 1958 huko Kamina, Kongo, Padre Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alirekodi na kwaya ya vijana wake Missa Luba, Misa ya Kilatini iliyovikwa nyimbo na ngoma za kwao, sehemu kubwa ikitungwa papo hapo na waimbaji. Hapa kwetu Padre Stephen Mbunga alitunga Misa Baba Yetu kwa mahadhi ya Kiafrika, na mwaka 1963 akachapisha kitabu kizima juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu, akionyesha kwa subira ya mwanasheria kwamba mlango haukuwa umefungwa kama watu walivyofikiri. Tarehe 4 Desemba mwaka huo huo ukatoka waraka wa Mtaguso juu ya Liturujia, ambao kifungu chake cha 119 kinataka mapokeo ya muziki ya watu wa nchi za misioni yapewe heshima na nafasi yake katika ibada.

Linganisheni na hili. Mwaka 1968 huko Marekani bendi ya roki iitwayo Electric Prunes ilitoa Misa nzima ya Kilatini kwa magitaa ya umeme, iliyotungwa na David Axelrod. Huwa inatajwa kama jambo la ujasiri mkubwa. Muziki ulikuwa mgumu kiasi kwamba bendi yenyewe ilishindwa kuumaliza, wakaletwa wapigaji wa kukodiwa. Watoto wa Kamina walikuwa wamekwisha kuifanya kazi ya namna hiyo miaka kumi kabla, tena bila kukodi mtu.

Basi Utukufu wa dakika tisa. Wanaouona kuwa ni uzushi hawana sheria ya kusimamia. Mwongozo wa Misale unaruhusu Utukufu uimbwe na wote, au kwa kupokezana kati ya watu na kwaya, au na kwaya peke yake. Unachokataza ni kubadili maneno yake, na vijana wetu hawakubadili neno. Magitaa si dhambi. Mwendo kubadilika mara tatu si dhambi. Hata maneno ya Utukufu yenyewe yanabadilika, kutoka sifa ya malaika kwenda ombi la kuhurumiwa, kisha kurudi katika sifa, na mtunzi asiyesikia tofauti hiyo ndiye mwenye tatizo.

Hofu yetu ni nyingine, nayo historia ya progresivu inaieleza vizuri kuliko sisi. Mwaka 1973 Yes walitoa santuri mbili zenye nyimbo nne tu, kila wimbo upande mzima, jumla kama dakika themanini. Rick Wakeman mwenyewe amesimulia jinsi alivyokula mchuzi wa kari jukwaani wakati wenzake wakiendelea kupiga, kwa sababu hakuwa na la kufanya. Akaondoka mwaka 1974. Mwaka 1977 Emerson, Lake and Palmer walizunguka Amerika na okestra ya watu kama sabini, gharama zikawashinda, wakairudisha okestra nyumbani katikati ya safari. Wakati huo huo vijana wa London wenye gitaa bovu na ufundi wa noti tatu walikuwa wakijaza kumbi. Muziki mkubwa haukushindwa na muziki bora. Uliachwa na watu waliochoka kutazama. Mpigaji akishafika mahali ambapo msikilizaji hana hata kiitikio cha kushika, anabaki na wapenzi wachache waaminifu na kiti kitupu pembeni.

Kwa hiyo tulipoketi na kwaya Jumatano iliyopita hatukuwaambia waufupishe. Tuliwaomba mambo mawili. La kwanza, sehemu ya pili na ya nne wazitungie kiitikio ambacho mama anayetoka shambani Dominika ya kwanza ataweza kukishika akirudiwa mara mbili, na wakirudi tena katika sehemu ya mwisho wakirudie kile kile. La pili, ngoma isingoje mwisho. Mwalimu wa kwaya alituuliza, kwa heshima lakini kwa uso uliokaza, kama tunataka kuifanya kazi yao kuwa ngoma ya kijijini. Tulimjibu kwamba ndivyo tunavyotaka, na kwamba Mbaraka Mwinshehe asingeona tusi ndani yake. Hakuridhika. Mazungumzo yanaendelea, nasi hatutatumia mamlaka ya ofisi kuyamaliza, kwa maana wimbo ulioimbwa kwa amri husikika kama ulioimbwa kwa amri. Kwa sasa Utukufu huo utaimbwa katika sherehe, na Dominika za kawaida tutabaki na ule wa zamani ambao wote tunaujua.

Kwa wazee waliotuletea malalamiko tuna ombi. Santuri ya "Ave Africa" ilikaa miaka arobaini mikononi mwa wakusanyaji wachache, mpaka kampuni ya Strut ya London ilipoitoa upya mwaka 2016 pamoja na rekodi nyingine za Sunburst za tangu 1973. Nyimbo nyingi za bendi zetu zimesalia kwa sababu tu Redio Tanzania ilizirekodi kwenye kanda na mtu fulani hakuzitupa. Nyimbo za kanisa za vijiji vyetu hazikuwa na Redio Tanzania. Mwenye kaseti ya kwaya zilizoimba hapa au katika vigango vyetu miaka ya 1970 na 1980, hata ikiwa imejikunja, na mwenye kukumbuka nyimbo walizoimba makatekista kwa zeze au ngoma kabla hatujapata kinanda, afike ofisi ya parokia siku ya Jumanne au Alhamisi baada ya Misa ya asubuhi. Tumepata mashine inayosoma kaseti, na mmoja wa vijana wa kwaya, yule anayepiga gitaa la solo, amejitolea kuziandika noti zake.